Mkuu wa shule kakupa alama za chini PEPMIS? Anzia hapa

Mwalimu mwenzangu wa Mbagala, pole sana. Kufundisha mikondo minne ya Kidato cha Pili mwaka mzima, kisha ukute alama za chini PEPMIS (mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma) bila hata kuitwa, inauma.

Kabla ya kulalamika, fungua mfumo usome ulichojaza mwenyewe. Wengi tulitoka na mazoea ya OPRAS, ule mfumo wa zamani wa tathmini wa makaratasi: unaandika "kufundisha Hisabati", basi. Hapo msimamizi hana cha kupima. Andika kinachohesabika, mfano "kusahihisha mazoezi mawili kila wiki, 2B", halafu tunza ushahidi. Mwaka mmoja mimi nilishushwa alama. Andalio la somo lenye saini ya mwalimu wa taaluma, wiki kwa wiki, ndilo lililonisemea.

Kisha mwombe mkuu mkae, mpitie jukumu moja moja. Nenda na madaftari, hasira iache nyumbani. Akikataa, mwandikie Mkurugenzi wa Manispaa, barua ipitie kwa mkuu huyohuyo, nawe ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Suala likigusa kupanda daraja, fika ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Mwakilishi wa CWT (Chama cha Walimu Tanzania) akusindikize.

Na tafadhali, usimpe kijana wa steshenari nywila yako akujazie. Akaunti hiyo ina taarifa zako za utumishi, na akikosea, kosa linasomeka kwa jina lako.