Dada, Ninunue Simu Gani? Jibu Langu Kutoka Uyole

Ujumbe uliingia Jumamosi jioni nikiwa nafunga kibanda changu cha uwakala pale Mwanjelwa, Mbeya. Ulitoka kwa msomaji wa Makambako: "Dada, shikamoo. Nina laki tatu. Ninunue simu gani ili nipige picha kama zako?"

Marahaba, mdogo wangu. Simu ninayotumia ina ufa kwenye kioo tangu mwaka juzi, chaji haimalizi siku, na kila wiki lazima nifute kitu ndipo nipate nafasi. Hiyo hiyo ndiyo iliyopiga picha unazozisema. Leo nakujibu kwa urefu, kwa sababu swali hili naulizwa sana, na kwa sababu wiki hii kuna jambo limetokea nyumbani kwetu ambalo sikutegemea kuliona.

Miaka minne iliyopita mtoto wa dada yangu alipata kipaimara, Tukuyu. Nikajitolea mbele ya familia: msihangaike kulipa mpiga picha, mimi nipo. Wakaniamini. Asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kukausha ngozi, nikajipaka mafuta mazito, nikashika simu kwa mikono hiyo hiyo. Kanisani nilikaa nyuma, nikawa navuta picha kwa vidole ili watoto waonekane karibu. Kwenye kioo kidogo zilionekana nzuri. Jioni nikazituma zote kwa WhatsApp, dada akapeleka studio kusafisha.

Zilirudi nyuso zimevurugika kama uji, na kila taa ya kanisa imeota mkia wa mwanga. Mtoto aliziangalia, akaniambia, "Asante, mama mdogo," akatoka nje. Dada hakunigombeza. Alizirudisha kwenye bahasha moja moja, akasema, "Tungejua tungemwita mpiga picha."

Sentensi ile nimeishi nayo. Siku ya kipaimara hairudiwi.

Baadaye nilielewa nilipokosea. Mafuta kwenye lenzi husambaza mwanga, ndiyo ile mikia. Kuvuta kwa vidole kwenye simu ya kawaida hakukusogezi karibu na mtu; simu inakata kipande cha katikati na kukitanua. Na WhatsApp inapunguza ukubwa wa picha ukiituma kama picha. Kwa hiyo: futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba kila unapotoa simu mfukoni, sogea kwa miguu yako, na picha ya kusafishwa itume kama dokumenti. Yote matatu hayahitaji laki tatu yako.

Kwa miezi sikupiga hata picha ya chakula. Kilichonirudisha ni ukungu wa Uyole. Mwezi wa sita nasubiri daladala ya kwenda mjini saa kumi na mbili na nusu, na barabara haionekani hatua ishirini mbele. Asubuhi moja akatokea kijana anasukuma guta la viazi, magunia ya lumbesa yamefungwa mpaka yamevimba juu kama vichwa viwili, na pumzi yake inatoka nyeupe mbele yake. Nikapiga. Ikatoka ya kijivu, kama majivu ya jana.

Kesho yake nikasimama pale pale. Na kesho kutwa. Abiria wenzangu wakanizoea. Mpaka nikagundua kwamba simu haijui kuwa ukungu ni mweupe. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ukigusa skrini pale unapotaka, kwenye simu nyingi hutokea alama ya jua. Ipandishe kidogo kwa kidole, ukungu unarudi kuwa mweupe. Nilipopandisha jua lile mara ya kwanza nilishtuka. Kijana wa guta alikuja kupita tena baada ya wiki mbili hivi, nikamwomba, akakubali, na hiyo ndiyo picha ambayo wengi wenu mliiona kwanza.

Nawaambia kila siku: rudini pale pale. Watu wanataka kuanza na Kitulo wakati wa maua, au machweo ya Matema. Ni kuzuri, nami nimefika. Lakini huwezi kuujua mwanga wa mahali ulipopita mara moja. Hata Ngosi, lile ziwa la juu mlimani, nilipanda mara tatu. Mara mbili za kwanza nilipenya ule msitu wa mianzi, nikashika mizizi pale panaposimama, nikafika ukingoni na ziwa lote limefunikwa na wingu. Mara ya tatu nilikaa karibu saa mbili, simu nimeifunga kwenye kitenge na kuibana kwapani maana baridi inamaliza chaji upesi. Wingu lilifunguka kama dakika tano. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, kimya, chini kabisa.

Picha ile ya Ngosi niliikuta mwaka jana kwenye kalenda ya biashara moja hapa mjini. Haina jina langu, na hakuna aliyeniuliza. Nilipoenda kuuliza niliambiwa, "Si ya simu tu hii, dada?" Bado inaniuma. Wewe unayetumia kazi ya mtu, omba. Na sisi tunaopiga tuombe pia: usimpige mama wa ndizi sokoni kwa kumvizia kama mwizi. Msalimie, nunua hata kichana kimoja, mwambie unachotaka. Akikataa, mwambie ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nenda zako. Heshima ndiyo inayofungua uso wa mtu, na uso uliofunguka hakuna simu inayoununua.

Sasa hilo la nyumbani. Desemba nilimpiga mama, Tukuyu, amekaa ndani ya mlango wa jiko la nje anamenya magimbi. Nilimwomba asogeze kigoda hatua mbili mbele, mwanga wa mlangoni umpige shavuni na jiko libaki giza nyuma yake. Simu ikataka kuling'arisha giza lile, uso wa mama ukapauka. Nikashusha jua mpaka mikunjo yake ikarudi yote, na tone la maji kwenye kisu likaonekana.

Jumapili iliyopita dada aliniandikia: "Nitumie ile ya mama. Iwe dokumenti."

Ameiweka kwenye fremu kubwa, sebuleni, juu ya televisheni. Jumatano alipata wageni, wakamuuliza nani aliyepiga. Alinipigia simu usiku kunieleza alivyowajibu: "Nimewaambia ni mpiga picha wetu." Nilikaa kitandani nikalia, sioni haya kuliandika.

Mdogo wangu wa Makambako, hizo laki tatu zitunze kwanza. Na kwenu asubuhi kuna baridi na ukungu, najua. Kesho futa lenzi, toka nje kabla ya saa moja, simama mahali unapopita kila siku. Utakachopata nitumie. Kama dokumenti.