Usipulizie jiberelini nyanya zinazokunywa maji ya chumvi

Weka hiyo chupa chini kwanza, ndugu. Unasema nyanya zako za Kitengela zimedumaa, majani ya chini yanaungua ukingoni, maji ni ya kisima kirefu, na mtu wa agroveti kakuuzia jiberelini, homoni ya kukuza mimea, ili "ziamke". Unauliza upulizie kiasi gani kwa lita 20. Kiasi ni sifuri.

Mmea haujalala. Mizizi ikikutana na chumvi, asidi ya absisiki, homoni ya kujihami, huongezeka, stomata (vitundu vya majani) zinajifunga, maji hayapotei ovyo. Jiberelini nayo hushuka, na protini za DELLA, ambazo ndizo breki ya ukuaji, zinabaki kazini. Wakati huo seli za mizizi zinasukuma nje sodiamu ya ile chumvi, na nyingine inafungiwa ndani ya vakuoli (vifuko vya ndani ya seli) isidhuru. Ukimwaga jiberelini juu yake, DELLA zinavunjwa: majani yanatanuka, yanadai maji zaidi, na maji hayo yanapanda na sodiamu. Katika majaribio ya Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, yaliyochapishwa 2006, mimea iliyokosa DELLA ndiyo iliyoshindwa zaidi na chumvi.

Kinachoniudhi ni kwamba siku za kwanza mmea hurefuka kweli, basi muuzaji anaonekana mkweli. Halafu maua yanapukutika, matunda yanaoza kitako, naye anakuuzia chupa ya kalisi. Mtu anayekuuzia homoni bila kukuuliza EC ya maji yako, yaani kipimo cha chumvi yake, anakuibia!

Pima EC kabla ya kununua chochote. Kipimo kikisoma 2000 kwa µS/cm, hiyo ni 2.0 dS/m. Nyanya huanza kupunguza mazao EC ya udongo ikipita dS/m 2.5, na kila dS/m 1 ya ziada inakula takriban asilimia 10. Udongo uuchote penye mizizi, uanike ukauke, chukua gramu 50, tia mililita 250 za maji yaliyotoneshwa, tikisa vizuri, acha utulie, soma. Kwa mfinyanzi mweusi kama wa huko, zidisha kwa takriban 7 ndipo ulinganishe na ile 2.5.

Ikiwa EC ya maji ni 2.0, kati ya kila lita 100 unazomwagilia, takriban 19 lazima zipenye hadi chini ya mizizi, la sivyo chumvi inajilimbikiza. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku ndiko kunakoleta ule ukoko mweupe pembeni mwa duara la unyevu wa dripu. Maji ya mvua ya tenki ukiyachanganya nusu kwa nusu, EC inashuka karibu nusu. Sodiamu ya udongo ikiwa juu, tia jasi kwanza ndipo uuoshe kwa maji, maana mfinyanzi wenye sodiamu ukioshwa kwa maji matamu pekee huziba, na maji hayashuki tena.

Manyunyu yakianza, usifunge dripu. Mvua nyepesi huirudisha chumvi ya ule ukoko moja kwa moja kwenye mizizi.