Jibu: injini ya Corolla kwenye fremu ya aina ya Lotus Seven

Jambo ndugu. Umeuliza kama fundi wako hapa Lubumbashi aweke injini ya Corolla ya kuvuta mbele kwenye fremu yako ya aina ya Lotus Seven, kile kigari chepesi cha michezo cha watu wawili. Tafadhali mzuie. Tangu Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alipolitoa gari hili mwaka 1957, injini hukaa kwa urefu na kusukuma magurudumu ya nyuma. Ile ya Corolla imekaa kwa upana, giaboksi pembeni yake. Haitaingia bila kukata mabomba ya fremu, na uimara wote wa gari uko kwenye mabomba hayo.

Tafuta Mazda MX-5 iliyogongwa nyuma. Nayo husukuma magurudumu ya nyuma, na injini, giaboksi na difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) vimeshazoeana. Langu nililijenga hivyo, hapa mtaani Katuba, kwa miezi 14.

Lakini kabla ya kununua chochote pima fremu, pembe kwa pembe, kwa mita ya chuma. Yangu ilipishana milimita 6, gari likawa linavuta kushoto mpaka tukachomelea upya vishikio vya magurudumu ya mbele.

Halafu karteri, yaani bakuli la mafuta chini ya injini. Iko chini mno! Yangu ilipasuka kwenye tuta, mafuta yakamwagika barabarani yote. Ikinge kwa bati nene mapema.