Pedeli ya breki yazama kwenye mbio, ikipoa yarudi: masta silinda imekufa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 1996 ambayo siitumii kwa safari za kawaida. Imelala bandani hapa Uyole, naitoa mara mbili tatu kwa mwaka kwenda kuikimbiza kwenye mbio za Iringa. Kila Jumamosi naiwasha dakika tano ili injini isilale. Safari iliyopita, kwenye mteremko wa kipande cha pili, pedeli ilizama hadi sakafuni. Baada ya nusu saa ikarudi kama kawaida. Fundi wa mtaani anasema masta silinda imekufa. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Pesa yako kaa nayo kwanza. Masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ikifa haipumziki nusu saa ikapona. Ipime hivi: gari likiwa baridi, washa injini, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida na uishikilie dakika moja. Pedeli ikishuka polepole, na huoni mahali panapovuja, fundi wako yuko sahihi. Ikisimama imara, basi kilichokupata ni mafuta ya breki kuchemka.

Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa hata gari likiwa limeegeshwa. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; ikishanywa maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155. DOT 3 huanza na 205 na kuishia 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea ukikandamizwa, mafuta hayabonyei. Ulikuwa unakanyaga mvuke.

Niliwahi kuletewa gari kutoka Tukuyu, mwenyewe anaapa halijamaliza kilomita mia nane tangu lifanyiwe sevisi. Kufungua kikopo cha mafuta ya breki, nikakuta chai ya rangi iliyokolea. Kilomita hazikuwa na kosa. Sevisi ilikuwa ya miaka minne nyuma, na mvua ya Tukuyu unaijua.

Nunua lita nzima ya DOT 4 ambayo haijafunguliwa. Ile chupa uliyobakiza mwaka jana, tupa. Toa upepo kwenye breki za magurudumu yote manne mpaka yatoke mafuta masafi, na usiache kikopo kikauke katikati ya kazi. Rudia kila mwaka, hata gari lisipotoka.

Sasa hizo dakika tano za Jumamosi, ziache. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani lita moja ya maji. Injini ikiwa ya moto yanatoka kama mvuke. Ikizimwa kabla haijapata moto, mengine yanabaki kwenye ekzosi na mengine yanashukia kwenye oili. Fungua kifuniko cha oili asubuhi ya Juni, huenda ukakuta utando kama mtindi. Ama uliache gari lilale, terminali ya betri imefunguliwa, au ulitoe kwelikweli: nenda Igurusi na urudi, oili ipate moto sawasawa. Geji ya joto unayoiona ni ya maji, oili huchelewa kupata moto nyuma yake. Na pale Inyala shuka taratibu, malori yale hayana mzaha.

Mkanda wa taiming nao usiuhesabu kwa kilomita peke yake, mpira huzeeka umekaa. Ukikatika kwenye injini hiyo, valvu zinagongana na pistoni. Kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha pamoja na tenshena yake, ile inayoukaza. Kwenye ubavu wa tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ambayo si ile ya mafuta ya breki: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la umri huo mimi silikimbizi, hata kama halijawa kipara.

Siku ya mbio, ukimaliza kipande endesha polepole kidogo bila kukanyaga breki sana, na ukiegesha usivute hendibreki wakati breki zingali za moto. Weka jiwe.