Barua kwa Mwanangu: Nyumba ya Mnadani

Mwanangu Salim,

Marahaba. Sisi hatujambo, na mguu wa baba yako umepata nafuu. Barua yako nimeisoma, nikamsomea na yeye. Unauliza kama nitakudhamini SACCOS, chama cha akiba na mikopo, upate milioni 20, uingie kwenye mnada wa ile nyumba ya Tabata inayouzwa na benki. Unakisia itaondoka kwa milioni 80. Robo utalipa papo hapo, zilizobaki utakopa benki nyingine, na kodi ya wapangaji italipa madeni yote mawili. Mfukoni mwako haitoki hata shilingi.

Hesabu nimeielewa. Ila mimi siku zote nasema pesa ya mkopo haiendi mnadani, na unajua nilianza kusema lini.

Ulikuwa darasa la tano gari la matangazo lilipopita Ngamiani likitaja jina la mjomba wako kwa kipaza sauti, kwamba nyumba yake inapigwa mnada. Wengi walidhani ni ufedhuli wa dalali. Kumbe ni sheria. Sheria ya Madalali inataka ardhi isiuzwe mnadani mpaka itangazwe siku 14, kwa Kiswahili na Kiingereza, jina na makazi ya mwenye mali yatajwe, na tangazo lisiishie kwenye karatasi. Imeandikwa mpaka kupiga ngoma, ili asiyejua kusoma naye asikie. Basi tulisikia sote. Wifi yangu alikuwa sokoni, akalisikia jina la mume wake mbele ya wauza samaki.

Yale ya rafiki ambaye mjomba wako alimdhamini kwa hati ya nyumba, naye akatokomea, tumeyasema mpaka yamechakaa. Ninayemkumbuka mimi ni mnunuzi. Kijana mtanashati, alipandisha bei mpaka wenzake wakanyamaza. Akalipa asilimia 25. Siku 14 zikaisha hajaleta zilizobaki, kwa sababu naye alikuwa anangoja mkopo, na mkopo wa nyumba hautoki kwa wiki mbili: mthamini aende, hati ikakaguliwe ofisi ya ardhi, rehani isajiliwe. Robo yake ikapotea. Nyumba ikatangazwa upya, riba inapanda, na mjomba wako aliyekwisha kufunga virago akasikia jina lake likipita mtaani mara ya pili. Bei ya kwanza ingelipa deni na kumbakizia kitu, maana kinachozidi deni ni cha mwenye nyumba. Ya pili haikubakiza hata nauli ya kuhamisha vyombo. Naona kijana yule alimuumiza kaka yangu kuliko benki.

Pengine namwonea. Naye alipoteza, na pesa zenyewe zilikuwa za watu. Lakini sijaweza kumsamehe.

Usidhani nasema minada isiwepo. Pesa wanazokopeshwa watu ni akiba za wengine, na zangu zimo. Asiyelipa akiachwa na nyumba yake, nani atakopeshwa kesho? Tena mnunuzi mwenye nia njema analindwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, benki ikikosea utaratibu, aliyeonewa anaidai benki fidia, si wewe. Hilo nakubali. Lakini mke wa mwenye nyumba akienda mahakamani akasema hakuridhia nyumba ya ndoa iwekwe rehani, na ridhaa yake ni lazima, zuio linaweza kutoka kabla hujakabidhiwa. SACCOS inakukata mshahara kila mwezi, nyumba huna, mpangaji huna. Hata kesi isipokuwepo, soma masharti: mara nyingi inauzwa kama ilivyo, na kumtoa aliyemo ni juu yako. Pesa yako mwenyewe ingengoja. Pesa ya mkopo haiendi mnadani, Salim.

Njia nyingine ipo. Mwenye nyumba ana haki ya kulipa na kuikomboa nyumba yake mpaka nyundo inapogongwa. Benki ikiridhia, anaweza hata kuiuza mwenyewe kwa maelewano, deni likalipwa, yeye akabaki na chake. Hapo mkopo wako ungepata muda wa kushughulikiwa inavyotakiwa, na dalali hapiti mtaani.

Baba yako ananihimiza nikujibu kwa neno moja. Nimeliandika, nikalifuta. Wewe ni mtu mzima una familia, na kwa bei hiyo Tabata hata mimi ningetamani. Kwa hiyo sisemi ndiyo, sisemi hapana. Kwanza nitumie lile tangazo la gazetini nilisome. Jina la mwenye nyumba limo, na anakokaa. Nenda ukamwamkie, na mkeo muwe pamoja, halafu uniambie kama bado unazitaka hizo milioni 20.

Wabusu wajukuu zangu.

Mama yako