Toledo na Mama, Asubuhi hadi Jioni

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwezi ujao nitakuwa Madrid na mama kwa siku nne. Siku moja tungependa kwenda Toledo kwa treni na kurudi jioni. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Siku moja itatutosha? Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Itawatosha, mradi msijaze siku. Kutoka kituo cha Atocha ni kama nusu saa tu, kwa hiyo treni haitamchosha mama. Kitakachomchosha ni kilima, maana Toledo umejengwa juu ya mwamba na mto Tajo umeuzunguka pande tatu.

Kateni tiketi ya kwenda na ya kurudi mapema, kabla hata ya kufungasha. Mimi nilikata ya kwenda peke yake. Jioni nikakuta treni mbili zimejaa, nikakaa kwenye benchi hadi usiku na sweta sina. Msichague Jumatatu, kwani baadhi ya makumbusho hufungwa. Jumapili nayo, kanisa kuu hupokea watalii kuanzia mchana.

Mkishuka, msikimbilie mlangoni. Kituo hicho cha mwaka 1919 kina vigae, matao na mbao zilizochongwa kwa kuiga ufundi wa Waislamu wa Andalusia, na mama atapata pa kukaa. Kisha chukueni taksi hadi uwanja wa Zocodover. Watu watakwambia kwa miguu ni dakika ishirini. Ni kweli kwa miguu yako wewe, mama yako je?

Huko juu ningewachagulia mambo mawili tu. La kwanza ni msikiti mdogo wa Bab al-Mardum, uliojengwa mwaka 999 na baadaye ukageuzwa kanisa. Kila upande hauzidi mita nane au tisa. Ndani mna nguzo nne, na juu yake kuba tisa ambazo hakuna hata mbili zinazofanana. Inueni macho, mzilinganishe moja moja. Nje, maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa kwa matofali bado yanasomeka, ingawa mfalme Mkristo, Alfonso VI, aliutwaa mji kutoka kwa Waislamu tangu 1085.

La pili ni kanisa la Santo Tomé, lenye mchoro wa mchoraji El Greco wa mazishi ya bwana wa Orgaz, uliokamilika 1588. Unakaribia mita tano kwenda juu. Mwonyeshe mama yule mtoto aliyeshika mwenge chini kushoto. Ni mwana wa mchoraji, na kwenye leso inayochungulia mfukoni mwake baba ameandika 1578, mwaka aliozaliwa. Mimi nilisimama pale mpaka mlinzi akanitazama mara mbili. Kanisa kuu, lililoanza kujengwa 1226, liingieni nguvu zikibaki.

Kurudi, mama asiteremke kwa miguu, maana mteremko huumiza magoti kuliko mpando. Taksi iwashushe karibu na daraja la Alcántara. Jina hilo ni la Kiarabu, al-qantara, ndilo hilo hilo kantara letu. Mkilivuka, kituo hakiko mbali na njia haina kilima. Jipeni saa nzima kabla ya treni, kwa sababu mkiwa darajani mtageuka kuutazama mji, na mama hatataka kuondoka upesi.