Upasuaji wa sainasi ya paji la uso kupitia puani

Umeuliza kama ukubali upasuaji wa Draf III, kwa kuwa sainasi za paji la uso, yaani mashimo yenye hewa ndani ya mfupa wa paji, zimeziba tena baada ya upasuaji wa kwanza, nawe unahofia ukaribu wake na ubongo. Hofu hiyo ina msingi, maana mfupa unaozitenganisha sainasi hizo na ubongo ni mwembamba. Hata hivyo, katika njia hii, aliyoieleza daktari Mjerumani Wolfgang Draf mwaka 1991, daktari hupitisha endoskopu (kifaa chembamba chenye kamera) puani bila kuchana uso, kisha huziunganisha sainasi zote mbili ziwe na mlango mmoja mpana. Mwombe akuonyeshe mfupa huo kwenye picha za CT. Baadaye, ukiona maji maangavu yakidondoka puani unapoinama, rudi hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni majimaji yanayozunguka ubongo yanayovuja. Usiache kliniki, kwani mlango huo huweza kusinyaa.